Kona Anakosimama Subilaga

Mashine ilipachagua kwa Lutengano.

Ipyana Mwaisumo aliisogelea meza ili ahakikishe. Mvuto, ndilo jina la mashine, ilikuwa imechora barabara yote, kutoka Uyole hadi mpakani Kasumulu, mstari mweusi unaopindapinda kama utumbo. Kulikuwa na vidoa vya manjano hapa na pale. Kwenye kona moja tu, juu kidogo ya daraja, palikuwa pamewaka pekundu kama kaa la moto.

"Sijawahi kuona mahali panawaka hivi," alisema Injinia Kokushubira. Alikuwa bosi wake, mdogo kwake kwa umri, mwenyeji wa Bukoba, na kazi ya kutafuta viwanja vya vituo vya kuchajia aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira. "Unapajua?"

"Napajua."

"Pana nini?"

"Pana mtu anapika mbalaga."

"Ndizi tu? Ndizi haziwezi kufanya hivi. Mimi nimekula ndizi tangu nizaliwe."

Mvuto haikuwa na akili ya ajabu. Tangu magari ya mafuta yalipopigwa marufuku, kila kiti cha dereva, cha lori mpaka cha bajaji, kilitakiwa kuwa na kidude cha kupima mapigo ya moyo kwa bangili ambayo dereva haivui mpaka mwisho wa safari, ili akisinzia kiti kimtikise. Mapigo hayo yalikwenda kwa watu wa bima, nao wakayauza kwa kampuni ya vituo, bila majina. Mvuto iliyakusanya yote, ikaangalia magari yanasimama wapi na mioyo ya waliomo inatulia wapi. Basi. Hapo ndipo penye faida.

Maana umeme wenyewe haukuwa shida. Nguzo zilikuwa kila mahali. Shida ni kwamba gari la mafuta lilikuwa linakunywa na kuondoka, la umeme linakula taratibu, na mwenye gari lazima akae. Ukimwekea kituo mahali asipopapenda, atajaza kidogo na kukimbia. Ukimwekea anapopapenda, atajaza mpaka juu, atakula, atanunua na soksi asizozihitaji. Na barabara hii ilikuwa na jambo lake jingine. Anayeshuka kutoka milima ya Uporoto anafika chini betri imejaa kwa breki tu. Anayepanda kutoka Kyela na magunia ya mchele anafika katikati ya mlima akiwa hana kitu. Kituo kilikuwa cha hao wanaopanda.

"Na Njia Panda ya Mahakama?" Ipyana aliuliza. "Ni mbele kidogo tu, ng'ambo ya bonde. Magari yote yanapita pale."

"Yanapita, ndiyo. Lakini angalia, giza tupu. Hakuna anayesimama, na wengi wakipakaribia mapigo yanapanda. Sijui pana nini."

"Pana mahakama ya zamani. Siku hizi wanakaa wazee tu barazani."

"Basi labda watu bado wanaogopa hukumu." Injinia alicheka peke yake. "Kesho nenda kwenye kona. Kagua udongo, maji, na kama ardhi ina kesi. Ukiweka dole gumba, tunajenga. Na ukumbuke kuwaambia sheria: kituo kikifunguliwa, hakuna mwingine kugawa umeme wa magari kwenye kipande hicho."

Ipyana aliitikia. Lakini alikuwa hasikii vizuri. Alikuwa anamfikiria Lutengano.

Lutengano ndiye aliyetangulia kupeleka washenga kwa kina Subilaga, miaka hiyo. Alikataliwa kwa sababu hakuwa na ng'ombe. Baba yake Ipyana alikuwa nao, na Ipyana akaoa. Watu walidhani jambo hilo lilimuuma Lutengano. Lilimuuma Ipyana zaidi. Lutengano alijua kwa nini alikosa. Ipyana hakujua kwa nini alipata, kama ni yeye aliyetakiwa au ni ng'ombe, na swali hilo alikuwa amelala nalo kitanda kimoja mpaka mtoto wao Tumpe akaenda sekondari ya bweni.

*

Kwenye kona palikuwa na jengo la mabati, jiko la mawe, na baraza refu lililotazama bonde. Bajaji za mizigo zilikuwa zimepangwa nje, zile za wazi zisizo na milango, zimebeba mchele na parachichi. Nyaya zilitoka dirisha la jikoni na kuingia kwenye bajaji moja moja, kama kamba za mbuzi.

Wenye bajaji walikuwa barazani, wote wanawake, wamejifunga mablanketi kwa sababu ya baridi, wamenyoosha miguu. Walikuwa wakicheka kwa sauti. Wote walikuwa wamekaa wameelekea upande mmoja, ng'ambo ya bonde, kama watu wanaoangalia mechi. Walipoliona koti la kampuni, walinyamaza.

"Karibu, bwana mkubwa," alisema Lutengano kutoka jikoni. Alikuwa na kipara na tumbo, na aproni iliyokuwa nyeupe zamani. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukagua kiwanja."

"Kagua. Ukikuta dhahabu unigawie."

"Huu umeme unawauzia?"

"Nawapa. Wananunua chakula, wananiachia hela ya luku wakikumbuka. Kwani kosa?"

"Bado."

"Basi likiwa kosa uje uniambie mapema, niwahi kukimbia."

Wanawake walicheka. Mmoja wao alikuwa Mama Amba, mke wa kaka yake mkubwa Ipyana, mwanamke mwenye mabega mapana aliyeweza kupakia gunia bila msaada.

"Shemeji," Ipyana alimwambia, "na wewe uko hapa?"

"Niko hapa kila safari. Na mwenzangu ungemkuta, ila leo amechelewa sokoni."

"Mwenzako nani?"

"Mwenzangu nani tena? Wako wewe, Mama Tumpe." Alisema bila kupepesa macho.

"Mnafanya nini hapa muda wote huo?"

Mama Amba aliwatazama wenzake. Wakaanza kucheka kabla hajajibu.

"Mwambie," alisema Lutengano.

"Mwambie wewe."

"Mimi si mkamwana wa mtu. Mwambie wewe."

"Mimi nimwambie huyu? Huyu huyu? Thubutu." Alijifunika uso kwa blanketi, na mabega yake mapana yakatikisika.

Ipyana alilichukua koleo lake dogo, akaenda kuchimba udongo nyuma ya jengo. Udongo ulikuwa mzuri. Mwekundu, mgumu, umekaa. Maji yalikuwepo. Kesi haikuwepo. Alipokuwa akipanda gari kuondoka, Lutengano alimfuata akijifuta mikono.

"Msalimie Subilaga. Mwambie kigoda chake kipo, sijamkalisha mtu."

Alisema kwa wema. Au alisema kwa kejeli. Ipyana alikaa ndani ya gari akijaribu kuamua, na kadiri alivyojaribu ndivyo kifua kilivyozidi kumbana. Kigoda chake. Mwanamke ana kigoda kwa mwanaume mwingine, na shemeji yake anajua, na kijiwe kizima kinajua, na kinacheka. Na ule wekundu kwenye mashine, fungu lake moja lilikuwa moyo wa mke wake.

Mkaguzi alikuwa na ufunguo wa kufungulia majina. Uliwekwa kwa ajili ya ajali: gari likianguka, ujue ni nani na ndugu zake wapo wapi. Ipyana aliitoa kompyuta ya mkononi, akaandika namba ya bajaji ya nyumbani kwake.

Mvuto iliuliza: Sababu?

Akagusa: Ajali.

Mvuto iliuliza: Je, aliyemo yuko hatarini?

Kidole chake kilisimama hewani. Kisha akagusa: Ndiyo.

Mstari wa Subilaga ulifunguka. Ulipanda kutoka darajani, mapigo ya mtu anayesukuma mzigo mlimani, ukafika kwenye kona, ukashuka. Ulishuka taratibu, ukalala. Ulilala muda wa sufuria ya maharage kuiva. Siku baada ya siku, hapo hapo, hivyo hivyo. Ipyana hakuangalia kwingine. Hakuangalia baada ya kona palikuwaje, wala mwisho wa safari palikuwaje. Alichokitafuta alikuwa amekiona.

*

Subilaga alifika nyumbani jua likizama, akashusha mizigo, akapika wali wa Kyela na maharage. Alikuwa mchangamfu. Hilo nalo lilimkera.

"Umechelewa, Mama Tumpe."

"Njia."

"Njia ina nini?"

"Njia ina watu, Baba Tumpe." Alitabasamu huku akimnawisha mikono.

"Watu gani?"

"Watu wenye heshima zao." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayejua kitu, akaenda kuchukua chumvi.

Mwanaume mwingine angeuliza wazi. Lakini ukiuliza unajibiwa, na Ipyana aliogopa jibu kuliko alivyoogopa kukaa bila jibu. Badala yake alipomaliza kula aliifungua ripoti ya kiwanja. Kwenye sehemu ya kona aliandika kwamba udongo unaporomoka. Kwenye sehemu ya Njia Panda ya Mahakama aliandika kwamba panafaa. Akaweka dole gumba.

Subilaga alikuwa anaosha vyombo na kuimba wimbo wa kwaya. Ipyana alimsikiliza na kwa mara ya kwanza kwa siku nzima akajisikia vizuri.

*

Kituo cha Njia Panda kilijengwa haraka. Kilikuwa kizuri kweli. Paa pana, mabenchi ya mbao yenye joto chini yake, televisheni, choo safi, na mashine za kuchajia zimejipanga kama askari. Watu wa kampuni walikwenda kwa Lutengano, wakazikata nyaya zake za dirishani, wakabandika tangazo ukutani. Ipyana hakwenda nao. Alilitazama gari lao likielekea kona, akatazama likirudi, na aliona haya kidogo kwa namna alivyofurahi.

Wateja wa kwanza walikuwa wazee. Hawakuwa na magari. Walihama kutoka baraza la mahakama, ambalo lilikuwa la saruji na baridi, wakahamia kwenye mabenchi ya joto, asubuhi mpaka jioni, na fimbo zao na kofia zao. Mbele yao wote alikaa baba yake Ipyana, Mzee Mwaisumo.

"Mwanangu amenijengea baraza," aliwaambia wenzake. "Wenu wamewajengea nini?"

"Wangu amenijengea deni," alijibu mmoja, wakacheka.

Malori yalikuja, yakajaza kidogo, yakaondoka. Bajaji hazikuja. Ipyana alisimama kwenye kibanda cha kioo akiziangalia zikipita. Zilipita mbio, mlimani, na mizigo, wakati kila mtu anajua ukikimbiza bajaji mlimani unaimaliza betri. Wanawake walikuwa wameinamisha vichwa na kujifunika khanga usoni, wengine wameshika mwavuli ubavuni kama ngao, hata mvua ikiwa haipo. Subilaga alipita hivyo hivyo. Hakugeuza shingo.

Wananisusia, aliwaza Ipyana. Wanamlilia Lutengano.

Injinia Kokushubira alipiga simu. "Mwaisumo, kituo ni kizuri, umeme upo, magari yapo. Mbona hakiuzi? Nieleze kama mtoto."

"Watu hawajazoea."

"Mvuto ilisema kona. Wewe ukasema udongo. Udongo huo umeupima sawasawa?"

"Nimeupima."

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Kisha ikaja siku ya ukungu. Mama Amba alitoka Kyela na mchele. Kwa Lutengano hakukuwa na nyaya tena. Alifika Njia Panda betri ikilia kwamba imekwisha, akapita kituo akiwa amejifunika uso, akaanza kuupanda mlima wa juu yake. Katikati ya mlima bajaji ilizima. Breki ilishika, ikachoka. Bajaji ilirudi nyuma na magunia yake, ikaingia mtaroni, ikamlalia paja.

*

Wodini Mama Amba alikuwa amefungwa mguu na kuninginizwa kama mzigo wa ndizi. Subilaga alikuwa amekaa pembeni akimlisha uji. Ipyana alisimama miguuni pa kitanda.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa. Usinichekeshe tu, nikicheka mfupa unauma."

"Umepita mbele ya kituo betri ikiwa tupu. Nilikuwepo. Kwa nini hukusimama?"

"Alikuwepo."

"Nani?"

"Yule."

"Yule nani?"

Mama Amba alimtazama Subilaga. Subilaga aliweka kijiko ndani ya kikombe.

"Unataka amtaje?" alisema Subilaga. "Toka tuolewe kwenu hatujawahi kulitamka lile jina, leo aanze kulitamka akiwa amevunjika?"

Ipyana alielewa, lakini bado hakuelewa. "Mzee?"

"Enhe," alisema Mama Amba. "Baba mkwe. Na wa mwenzangu huyu, na wazee wengine wale ni wakwe wa wenzetu wote. Sasa mimi nisimame pale, nichomeke, halafu? Nikae benchi moja naye nusu saa, tunaangalia televisheni, ananiona magoti?"

"Lakini hizo ni desturi za nyumbani. Akija nyumbani mnampisha, mkwe na mkamwana wasionane. Barabarani..."

"Barabara inapita wapi, Baba Tumpe?" Subilaga aliuliza. "Haipiti kwenu?"

"Wewe unaendesha tu," alisema Mama Amba. "Ukitaka unasimama, ukitaka husimami. Umeshawahi kupanga safari kwa sababu ya nani amekaa wapi? Sisi kila siku. Zamani walikaa baraza la mahakama. Bajaji haina mlango, unaonekana wote. Kwa hiyo tunakaa kwa Lutengano, maana pale unaliona baraza lote ng'ambo ya bonde. Tunakula, tunachaji, tunachungulia. Wakiinuka kwenda kula, tunapita kama kundi la ng'ombe. Siku ile ulipokuja tulitaka kufa kwa kucheka. Tukuambie nini? Kwamba tunamvizia baba yako aende kunywa togwa?" Alianza kucheka, akashika mguu. "Basi, basi. Inauma."

Kitu kilichokuwa kimembana Ipyana kifuani tangu siku ya mashine kilifunguka kwa mara moja. Alitamani kukaa chini. Alitamani kumshika mke wake mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Watu wenye heshima zao. Alikuwa amemwambia wazi, na kicheko juu.

"Kwa hiyo ndiyo maana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa, "ndiyo maana ulikuwa unakaa pale mpaka moyo unatulia."

Subilaga aliufuta mdomo wa Mama Amba kwa kitambaa. Kisha akageuka.

"Moyo wangu umetulia," alisema. "Nani amekuambia?"

*

Alimwambia yote siku iliyofuata, mchana, nyumbani, mvua ikipiga bati. Alimwambia habari za ufunguo, na ajali aliyoiandika, na udongo aliousingizia. Subilaga alimsikiliza akiwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakupandisha sauti. Aliuliza maswali machache, mafupi, kama mtu anayenunua kitu asichokiamini.

"Mwambie injinia wako," alisema.

"Nitamwambia."

"Sasa."

Akapiga simu mbele yake. Injinia Kokushubira alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua ni udongo," alisema. "Sikujua ni udongo wa namna hii. Kituo nitakihamishia kona, hata wanifukuze na mimi. Mtu amevunjika, Mwaisumo. Ufunguo wako naufunga leo jioni, na kazini usije mpaka uitwe."

"Nimekosa, Injinia."

"Umekosa mno."

Alikata. Mvua iliendelea. Hapo Ipyana alipaswa kunyamaza. Mke wake alikuwa hajaondoka. Ungo ulikuwa bado mapajani mwake. Lakini wivu haukuwa umetoka. Ulikuwa umebadilisha tu mahali pa kukaa. Alikuwa ameyaona yale mapigo yakishuka pale kwenye kona. Kumkwepa mkwe kunaeleza kwa nini mtu anasimama. Hakuelezi kwa nini anatulia.

"Lakini yeye Lutengano," alisema.

Mikono ya Subilaga ilisimama kwenye maharage.

"Yeye amefanyaje?"

"Ulipokuwa pale ulitulia. Mashine haidanganyi. Kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na kigoda. Nilikaa. Miguu ilipumzika. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi." Alimtazama. "Nilitulia, ndiyo. Ulitaka nisitulie?"

"Nataka kujua kama na hapa unatulia. Na mimi."

"Tumeishi miaka yote hii na hujui?"

"Niambie tu."

"Nikikuambia utaniamini, au utaniamini nikiwa nimefungwa kwenye kiti?" Aliiona kompyuta mezani, akaisogeza kwa kidole mpaka mbele ya mume wake. "Ufunguo si wako mpaka jioni? Mstari wangu si unao mpaka mlangoni? Fungua uone."

Alisema polepole. Hata mtoto angejua kwamba hakuwa anamruhusu. Ipyana naye alijua. Aliiangalia ile kompyuta, akamwangalia mke wake, na alijua kwamba akiiacha pale ilipo, akainuka, akachukua upande mmoja wa ungo akaanza kuchambua naye, huenda jioni wangekula pamoja. Alilijua hilo vizuri kama anavyoijua njia ya nyumbani.

Akafungua.

Alisikia ungo ukiwekwa chini. Hakuinua kichwa, maana Mvuto ilikuwa inauliza tena sababu, na tena kama aliyemo yuko hatarini, na alitaka kumaliza. Mstari ulipofunguka aliufuata kwa kidole kutoka Kyela. Daraja. Kona, pale moyo uliposhuka. Njia Panda, pale uliporuka juu, siku zote, hata siku ambazo baraza lilikuwa tupu. Mlima. Kisha njia ya kuingilia kwao, kwenye migomba, na geti.

Getini ulishuka. Ulishuka chini ya pale kwa Lutengano, chini ya mahali popote kwenye barabara ile. Alirudi siku moja nyuma, na nyingine, na nyingine. Kila jioni Subilaga alipokata kona ya kuingia kwake, moyo wake ulikuwa unalala kama mtu aliyevua viatu.

"Mama Tumpe," alisema Ipyana. "Mama Tumpe, njoo uone."

Chumba kilikuwa kitupu. Nje, mota ya bajaji ilivuma kidogo, ikanyamaza kwa mbali. Alitoka mbio mpaka kibarazani. Mvua ilikuwa imezifuta hata alama za magurudumu. Akarudi ndani, kwenye mstari, kwa sababu mstari ulikuwa bado wazi, na ulikuwa unasogea.

Ulikuwa unashuka kwenda upande wa Kyela, kwa wazazi wake. Mapigo yalikuwa juu, yamepanda tangu getini. Ipyana aliuangalia ukikaribia Njia Panda akaanza kuomba kimoyomoyo usimame kabla, ungoje, kama ilivyokuwa desturi. Ilikuwa mchana. Wazee wote wangekuwa pale.

Haukusimama kabla. Ulifika mpaka kituoni, ukasimama hapo hapo. Mashine ya kuchajia ikaonyesha kwamba imechomekwa. Na mapigo, taratibu sana, yakaanza kushuka.

Simu iliita. Alikuwa baba yake. Kwa nyuma televisheni ilisikika, na mvua.

"Ipyana," alisema Mzee Mwaisumo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini akakuta nyumba si yake. "Mkeo yuko hapa. Amekaa kwenye benchi, karibu yangu, anakunywa chai. Amenisalimia kwa jina langu."

Ipyana aliutazama tena mstari.

"Umemfanya nini mwanamke yule," baba yake aliuliza, "mpaka mimi si mkwe wake tena?"